Kabla Upepo Haujang'oa Paa: Somo kwa Familia za Langas

Msimu wa mvua unapoanza Uasin Gishu, kuanzia mwezi wa Machi, kazi nyingi hufanyika kwa pamoja: mashamba hulimwa, mahindi hupandwa, mitaro husafishwa. Kuna kazi moja ambayo kaya nyingi za mjini huisahau, nayo ni kukagua paa. Mvua nyingi za alasiri hapa hutanguliwa na upepo mkali, na mara nyingine huandamana na mvua ya mawe na radi. Upepo huo hauhitaji saa nzima kuleta hasara. Katika muda wa dakika kumi na tano familia inaweza kupoteza mabati, godoro, unga wa mwezi mzima, sare za shule na vyeti vya watoto.

Langas ni mtaa wenye watu wengi, kando ya barabara ya Eldoret kuelekea Kisumu. Vyumba vya kupanga vimejengwa kwa safu, vingine vya mawe, vingine vya mbao, vingine vya udongo, na karibu vyote vimeezekwa kwa mabati. Nyumba zikikaribiana hivyo, bati linalong'oka kwa jirani mmoja huangukia mlango wa jirani mwingine. Kwa hiyo paa moja likiwa legevu, ploti nzima iko hatarini.

Somo hili linaeleza upepo huo unatoka wapi, kwa nini paa hung'oka, nini kifanywe kabla, na familia ijikinge vipi upepo unapofika. Linaweza kusomwa nyumbani, kwenye chama, au katika baraza la mtaa.

Upepo huu unatoka wapi

Watu wengi huuita upepo wowote mkali kimbunga. Kwa kweli kimbunga cha baharini ni kitu tofauti. Kimbunga cha namna hiyo huzaliwa juu ya bahari yenye joto, hujizungusha kwa mamia ya kilomita, na huweza kudumu siku kadhaa. Pwani ya Afrika Mashariki inavijua vimbunga hivyo, ingawa si mara nyingi. Mnamo Aprili 15, 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Hivi karibuni, Mei 4, 2024, dhoruba iliyopewa jina la Hidaya ilifika Kisiwa cha Mafia nchini Tanzania.

Eldoret haiwezi kupigwa na kimbunga cha aina hiyo. Mji uko mbali na bahari na karibu sana na mstari wa ikweta, ambako vimbunga vya baharini havijengeki kwa sababu mzunguko wa dunia hauwezi kuusokota upepo huko. Kisulisuli kinachoonekana kiwanjani wakati wa kiangazi, kikizungusha vumbi na karatasi za plastiki, nacho ni kitu kingine. Hicho husababishwa na ardhi iliyochomwa na jua, na kwa kawaida hupita haraka.

Upepo unaong'oa mapaa Langas hutoka kwenye wingu la radi. Asubuhi jua hupasha ardhi joto. Hewa yenye joto na unyevu, ambao sehemu yake hutoka upande wa Ziwa Victoria, hupanda juu kwa kasi. Ikifika juu hupoa, na mvuke wake hugeuka wingu refu lenye kitako cheusi na kichwa kilichotanuka. Ndani ya wingu hilo matone na barafu hukua hadi hewa inayopanda inashindwa kuyabeba. Yakianza kuanguka, huvuta hewa pamoja nayo na kuipoza. Hewa baridi ni nzito kuliko ya joto, hivyo hushuka kwa kishindo. Ikifika chini haina pa kwenda ila pembeni, na hutawanyika kila upande kama maji yaliyomwagwa sakafuni.

Maelezo hayo yanasaidia mambo mawili. Kwanza, yanaeleza kwa nini upepo hutangulia mvua: hewa baridi hukimbia mbele ya wingu. Pili, yanaeleza kwa nini ubaridi wa ghafla, alasiri ya joto, ni onyo. Pumzi hiyo ya kwanza ya baridi ndiyo mbele ya upepo wenyewe, na kinachofuata kiko umbali wa dakika tu.

Kwa nini paa huinuka

Wengi hudhani upepo hung'oa paa kwa kulisukuma kutoka kando. Ukweli ni kwamba hulinyonya kwenda juu. Upepo unapopita juu ya paa huongeza kasi, na shinikizo la hewa juu ya mabati hupungua. Chini ya mabati, ndani ya chumba, hewa imetulia na shinikizo lake ni kubwa zaidi. Bati basi husukumwa kutoka ndani na kuvutwa kutoka nje. Mvuto huo huwa mkali zaidi kwenye kingo na pembe za paa. Ndiyo maana bati la pembeni hutangulia kuinuka, na likishainuka upepo huingia chini yake na kufungua mengine.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa nguvu hiyo. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa nchini hutoa tahadhari ya upepo mkali pale kasi inapotarajiwa kupita nauti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa. Kwa hewa nyepesi ya Eldoret, mji ulio takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, upepo huo huweza kuinua bati kwa nguvu ya kama kilo 8 kwa kila mita mraba. Kasi ikiwa maradufu, kilomita 92 kwa saa, nguvu haiwi maradufu. Huwa mara nne, karibu kilo 33 kwa kila mita mraba.

Chumba cha futi 10 kwa 10 kina paa la mita mraba 9 hivi, bila kuhesabu upenu. Upepo wa kilomita 46 huliinua kwa nguvu ya karibu kilo 80. Upepo wa kilomita 92 huliinua kwa zaidi ya kilo 300. Mabati ya geji 30 ni mepesi, kilo mbili na nusu hivi kwa mita mraba, na hata yakijumlishwa na mbao zake, paa zima la chumba hicho huwa na uzito wa kilo 70 hivi.

Kutokana na hesabu hiyo, uzito wa paa peke yake hauwezi kulishikilia. Kinachoshikilia paa ni misumari, waya na viungo.

Mawe na magurudumu juu ya mabati

Hesabu hiyo hiyo inajibu swali la mawe. Katika mitaa mingi watu huweka mawe, matofali, magurudumu ya zamani au mbao nzito juu ya paa ili lisipeperuke. Mawe kumi ya kilo tano kila moja huongeza kilo 50 tu. Paa la kilo 70 likiongezewa 50 linakuwa kilo 120, na bado upepo mkali unainua kwa zaidi ya kilo 300. Mawe basi hayazuii. Paa likipinduka, mawe hayo huanguka juu ya watu waliomo ndani au humrukia jirani.

Pale ambapo hakuna njia nyingine kwa siku chache, ni salama zaidi kulifunga paa kwa waya mzito au kamba imara inayopita juu yake na kufungwa kwenye vigingi au nguzo zilizochimbiwa chini pande zote mbili. Hiyo nayo ni dawa ya muda, hadi fundi afike.

Mnyororo wa viungo vitano

Nyumba inayostahimili upepo ni kama mnyororo ulioanzia kwenye bati na kuishia ardhini. Mnyororo hukatikia kwenye pete dhaifu kuliko zote. Kupigilia misumari mingi kwenye mabati hakusaidii kitu ikiwa mbao zinazobeba mabati zimewekwa tu juu ya ukuta bila kufungwa. Hapo paa zima huondoka likiwa kipande kimoja. Ukaguzi ufanywe kwa kufuata viungo hivi vitano, kuanzia juu hadi chini.

Kiungo cha kwanza ni bati na mbao inayolipokea. Misumari iwe ya mabati, yenye kofia pana, na ipigwe juu ya mgongo wa bati, si kwenye bonde linalopitisha maji. Kwenye kingo, yaani upenuni, kwenye kilele na pembeni, upigwe msumari kwenye kila mgongo wa pili. Katikati ya paa kila mgongo wa tatu unatosha. Msumari uliosokotwa hushika vizuri kuliko ulio laini. Msumari uliochomoka hata kidogo, au tundu lililopanuka kwa kutu, ni dalili kwamba bati hilo limeanza kuchezacheza.

Kiungo cha pili ni mbao za kupokelea mabati na zile zinazozibeba, ambazo huteremka kutoka kileleni hadi ukutani. Mara nyingi kiungo hiki hushikwa na msumari mmoja uliopigwa kutoka juu, na msumari huo huchomoka kirahisi upepo unapovuta kwenda juu. Ni bora kuongeza kipande cha mbao pembeni kilichopigwa misumari pande zote mbili, au kufunga kwa waya uliozungushwa mara mbili na kukazwa kwa koleo.

Kiungo cha tatu ni kati ya mbao hizo zinazoteremka na mbao inayolala juu ya ukuta. Hapa ndipo mapaa mengi yanayoondoka mzima huachia. Dawa yake ni mkanda mwembamba wa chuma unaouzwa kwa roli kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mkanda huo hupitishwa juu ya mbao inayoteremka, ukashuka pande zote mbili, na kupigiliwa kwenye mbao ya ukuta kwa misumari mitatu au minne kila upande. Msumari mmoja hautoshi.

Kiungo cha nne ni kati ya mbao ya ukuta na ukuta wenyewe. Katika nyumba ya mawe au matofali, mkanda wa chuma au nondo nyembamba hutakiwa kuzamishwa ndani ya ukuta wakati wa kujenga, mistari kadhaa chini ya mbao. Mkanda uliofunikwa na simenti kwenye mstari wa juu tu hung'oka pamoja na tofali lake. Katika nyumba ya udongo au mbao, mbao ya juu ifungwe kwa waya mzito moja kwa moja kwenye nguzo, si kwenye fito.

Kiungo cha tano ni nguzo na ardhi. Nguzo za nyumba ya udongo huoza au huliwa na mchwa pale zinapoingia ardhini, mahali ambapo hapaonekani kwa sababu pamefunikwa na udongo. Njia rahisi ya kukagua ni kuchokonoa kwa bisibisi au msumari mrefu usawa wa ardhi. Ukizama bila shida, nguzo hiyo haishiki tena. Nguzo mpya ichimbiwe futi mbili au zaidi, na sehemu inayozama ipakwe oili chafu au dawa ya mchwa kwanza.

Mambo mawili zaidi yanahusu umbo la paa. Upenu uliotokeza zaidi ya futi moja na nusu huupa upepo mahali pa kushikia, kwa hiyo usirefushwe bila nguzo ya kuushikilia. Kibaraza kilichoezekwa mbele ya mlango ni bora kiwe na paa lake peke yake, ili kikiondoka kisivute paa la nyumba. Na paa lililolala karibu sambamba, hasa lenye mteremko mmoja tu, hunyonywa na upepo kwa nguvu zaidi kuliko lenye miteremko miwili au minne iliyoinuka vizuri.

Mpangaji na mwenye ploti

Wakazi wengi wa Langas ni wapangaji. Paa si lao, lakini godoro na vyombo vilivyo chini yake ni vyao. Mwenye ploti naye anapoteza kodi ya miezi na gharama ya kuezeka upya. Hasara ikiwa ya pande mbili, mazungumzo yafanyike kabla ya mvua, si baada.

Ni vizuri wapangaji wa ploti moja wakague pamoja na kupeleka neno moja, kuliko kila mmoja kulalamika peke yake kwa keteka. Ujumbe uwe mfupi, wenye heshima, unaotaja tatizo mahali lilipo, na uhifadhiwe kwenye simu pamoja na picha. Unaweza kuandikwa hivi:

"Habari ya asubuhi, Mzee. Sisi wapangaji wa vyumba nambari 3 hadi 6 tumekagua paa leo. Mabati mawili upande wa barabara yamelegea, na mbao ya pembeni imeoza. Tumekutumia picha. Tunaomba fundi aje kabla ya mvua kuanza. Tuko tayari kumfungulia na kuhamisha vyombo siku atakayokuja. Asante."

Mwenye ploti ambaye hawezi kurekebisha nyumba zote kwa pamoja anaweza kuanza na kingo na pembe za paa, na vyumba vya mwisho wa safu, kwa kuwa hivyo ndivyo hupigwa kwanza. Baadhi ya wenye ploti na wapangaji hukubaliana kwamba mpangaji agharamie ukarabati mdogo na kiasi hicho kikatwe kwenye kodi. Makubaliano ya namna hiyo yaandikwe, yataje kiasi na mwezi, na kila upande ubaki na nakala. Risiti za hadware zitunzwe.

Kazi ya kupanda juu ya paa iachiwe fundi. Mabati ya zamani hayabebi uzito wa mtu kati ya mbao na mbao, na paa lenye unyevu huteleza.

Nje ya nyumba

Kitu chochote kinachoweza kuinuliwa na upepo kinaweza kumjeruhi mtu. Uwanja wa ploti ukaguliwe: mabati yaliyobaki baada ya ujenzi, ndoo tupu, matangi ya maji yasiyo na maji, mbao, milango ya vyoo iliyolegea bawaba. Mabati yaliyowekwa akiba yalazwe chini na kufungwa pamoja. Tangi la plastiki lililo juu ya jukwaa lijazwe maji au lifungwe, kwa sababu likiwa tupu hupeperuka kwa urahisi. Dishi la televisheni na nguzo ya antena vikazwe.

Wafanyabiashara wa vibanda vya barabarani wana hatari ya peke yao. Mwavuli mkubwa wa mama mboga ufungwe mara wingu jeusi linapoonekana, usisubiri matone. Kibanda cha mbao kifungwe ardhini kwa vigingi kwenye pembe zote nne, na bidhaa za juu zishushwe.

Miti inahitaji uangalizi mapema. Mikaratusi na misipresi iliyopandwa kama ua hukua haraka na kuwa mirefu kuliko nyumba inayoizunguka. Dalili za mti wa hatari ni matawi makavu, shina lenye tundu au uyoga, mti ulioanza kuinama, na ardhi iliyopasuka upande wa mizizi. Matawi yanayoning'inia juu ya paa yapunguzwe na mtu mwenye ujuzi. Mti ulio karibu na nyaya za stima usiguswe na mkazi. Kampuni ya umeme iarifiwe kwanza.

Siku ya upepo: ishara na dakika za mwisho

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila siku na tahadhari maalumu zinazotangazwa redioni, zikiwemo redio za lugha za mitaa, na mitandaoni. Hata hivyo utabiri hauwezi kutaja ploti au saa kamili, kwa hiyo macho ya mkazi yana kazi. Alasiri yenye joto zito, wingu refu linaloiva upande mmoja wa anga, ngurumo za mbali, kisha upepo wa baridi wa ghafla wenye vumbi: ishara hizo zikifuatana, muda uliobaki ni mfupi.

Radi ina kipimo chake. Mtu akiona mmweko ahesabu sekunde hadi asikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30, kila mtu awe ndani, na asitoke hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho.

Kazi za dakika hizo zigawanywe mapema ili kila mmoja ajue yake. Mtu mmoja aite watoto. Mwingine aanue nguo na kuingiza ndoo. Mwingine afunge milango na madirisha. Jiko la makaa lizimwe na kutolewa nje, mtungi wa gesi ufungwe kwenye valvu, na vifaa vya stima vichomolewe ukutani. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi za kliniki na hati za ploti vikae wakati wote katika mfuko mmoja wa plastiki unaofungika, mahali ambapo hata mtoto mkubwa anaweza kuuchukua.

Wapo wanaoamini kwamba madirisha yafunguliwe ili upepo upite. Imani hiyo ni hatari. Mlango au dirisha lililo wazi upande wa upepo huingiza hewa ambayo haina pa kutokea, na hewa hiyo husukuma paa kutoka ndani wakati upepo wa nje unalivuta. Nguvu hizo mbili hujumlishwa. Kila kitu kifungwe, na mlango dhaifu uwekewe komeo la ziada au kitu kizito nyuma yake.

Lakini kufunga kila kitu kuna hatari nyingine inayoua kimya. Jiko la makaa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na usingizi, kisha huzimia. Baridi inayokuja na mvua ya mawe hushawishi watu kuingiza jiko ndani ili waote moto. Jiko lisiingizwe, hata kwa muda mfupi.

Upepo unapovuma

Mahali salama ndani ya nyumba ni kando ya ukuta wa ndani, mbali na madirisha, chini ya meza imara au kando ya kitanda, watoto wakiwa wamefunikwa godoro. Ukuta wa pembetatu ulio chini ya kilele cha paa uepukwe, kwa maana ukiwa wa matofali na haukufungwa vizuri huangukia ndani paa linapoondoka.

Familia inayoishi katika nyumba ya mbao au udongo iliyodhoofika ikubaliane mapema na jirani mwenye nyumba ya mawe, na ihamie huko ishara zinapoanza, si upepo ukishafika. Wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu wahamishwe kwanza. Mlango wa jirani usibishwe kwa mara ya kwanza siku ya dhoruba. Mpango huo ni wa kuzungumzwa wakati wa utulivu.

Bati likianza kupiga kelele, asiwepo mtu wa kulishika kwa mikono au kuning'inia kwenye mbao. Nguvu ya kilo mia tatu haizuiwi na mtu, na bati hukata kama panga.

Aliye nje asijikinge chini ya mti, kando ya ukuta mpya usiokauka, chini ya bango la matangazo, au ndani ya kibanda cha mabati. Mwendeshaji wa boda boda asimame kwenye jengo imara lililo karibu. Pikipiki haihimili upepo wa ubavuni. Wanafunzi wabaki madarasani hadi ngurumo zikome, hata kengele ya kwenda nyumbani ikiwa imelia.

Baada ya upepo

Hatari haiishi upepo unapotulia. Nyaya za stima zilizoanguka zichukuliwe kuwa zina moto, na watu wakae angalau mita 10 kutoka hapo. Bati lililoangukia waya nalo lina moto, na vilevile dimbwi la maji lililogusana nao. Mtu mzima mmoja abaki akizuia watoto wakati mwingine akipiga simu.

Majeraha ya mabati na misumari yasidharauliwe. Jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, na aliyeumia aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu jeraha la msumari huweza kuleta pepopunda. Muuguzi ataamua kama sindano inahitajika.

Maji ya kisima yana uangalizi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu maji ya Langas ulionyesha kuwa visima vingi vifupi vya mtaa vilikuwa na vijidudu vya kinyesi, na vyoo vya shimo viko karibu navyo. Mvua kubwa huzidisha hatari hiyo. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote au yatiwe dawa ya klorini, na kisima ambacho kifuniko chake kimepeperushwa kifunikwe kabla ya jambo lolote lingine.

Kabla ya kuanza kukarabati, uharibifu upigwe picha na orodha ya vitu vilivyopotea iandikwe. Ripoti ipelekwe kwa mzee wa mtaa, kwa chifu au ofisi ya wadi. Wakati wa kuezeka tena, bati lililonyooshwa linaweza kutumika, lakini misumari isirudishwe kwenye matundu ya zamani. Ipigwe mahali papya na tundu la zamani lizibwe. Na kwa kuwa paa sasa liko wazi, huo ndio wakati rahisi zaidi wa kuweka mikanda ya chuma kwenye kiungo cha tatu na cha nne.

Nambari za kuhifadhi kwenye simu

Dharura, polisi: 999 au 112.
Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya: 1199.
Kenya Power, kwa nyaya zilizoanguka: 97771.

Maswali ya kujadili kwenye ploti, chama au baraza

1. Kati ya viungo vitano vya paa, ni kipi dhaifu zaidi katika ploti hii, na nani atakikagua?
2. Je, kuna mawe, magurudumu au mabati yaliyolegea juu ya paa au uwanjani? Yaondolewe lini?
3. Ni nyumba gani iliyo imara zaidi hapa, na mwenyewe amekubali kupokea majirani wangapi?
4. Mtoto akiwa peke yake nyumbani alasiri, anajua afunge nini, asiguse nini na aende kwa nani?
5. Ni mzee, mgonjwa au mtu mwenye ulemavu yupi anayehitaji kusaidiwa kuhama, na nani amepewa kazi hiyo?
6. Ujumbe kwa mwenye ploti umeshatumwa? Amejibu nini?